Shangazi na Kitufe cha Kijivu

Jumatatu saa nne kasorobo, karani wa daftari la wakazi alibonyeza herufi d mara mbili, akiwa na haraka ya kwenda kunywa chai, na shangazi yake akafutika. Programu yao ya kuhariri ilifunguka kwenye skrini nyeusi tii, bila picha wala kitufe cha kubofya, na humo herufi zilikuwa amri: d mbili hufuta mstari mzima. Mstari wa shangazi ukatoweka. Kwa mazoea, karani akahifadhi.

Saa sita shangazi alifika mwenyewe, akielea vidole vinne juu ya sakafu. Mlinzi akampa kadi ya mgeni.

"Zahanati wameninyima dawa ya presha," alisema. "Wanasema sipo. Na kweli, mwanangu, najiona mwepesi."

Fundi wa kompyuta akaitwa. "Bonyeza u tu, mstari unarudi," alisema. "Ila msiifunge programu. Ikifungwa, imesahau."

"Thubutu!" alisema Mkubwa wa ofisi. "Waraka unasema marekebisho yafanywe kwa kipanya. Tuletee programu yenye vitufe na rangi, kama ofisi za watu."

Fundi akaeleza kwamba kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yao, liliwekwa toleo jepesi, lisilo na sura hiyo. Toleo kamili lingehitaji kibali. Ombi la kibali likapelekwa kwenye kamati. Haraka haraka haina baraka, Mkubwa akawakumbusha.

Zikapita siku kumi na tisa, kompyuta ikiwa haizimwi. Shangazi alishinda kwenye kiti kando ya karani, amepakatishwa taipureta ya zamani asije akapaa. Mkubwa alipotoka, kidole cha karani kilikwenda hadi kwenye u, kisha kikarudi. Aliogopa kufukuzwa. Shangazi, aliyemlea tangu hajaota meno, alikiona kidole hicho, akageuza uso pembeni. Karani aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Kibali kilipofika, fundi aliweka toleo kamili. "Nibonyeze u kwanza?"

"Funga aibu hiyo!" Mkubwa akaamuru.

Skrini nyeusi ikafungwa. Fundi akaandika amri ileile ya kuifungua programu, safari hii ikiwa na herufi g mbele, na programu ikafunguka na vitufe vyake vyote, na rangi za kupendeza. Ofisi nzima ikapiga makofi. Mkubwa akashika kipanya kwa mkono wake mwenyewe, akakipeleka kwenye kitufe cha kutengua. Kilikuwa cha kijivu. Akabofya mara tatu.

"Hakuna cha kutengua," fundi alisema.

"Basi nimwandike upya," karani akasihi.

"Mstari mpya ni wa vichanga tu," Mkubwa alisema. "Soma waraka."

Ikapigwa picha ya ukumbusho. Taipureta iliondolewa isiharibu mandhari, na shangazi akapanda polepole hadi darini.

"Asogee kidogo," Mkubwa alisema. "Anakinga taa."

Shangazi akasogea. Kutoka huko juu akauliza, "Mwanangu, chai yenyewe ulikunywa?"

"Nilikunywa, shangazi."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Karani akashika kipanya, akamwita anayefuata.