Kaki Moja Kileleni

Tatsumi alifika kwenye geti la mlima asubuhi, pumzi zikimtoka kama moshi wa kuni mbichi. Mlinzi wa barabara alikuwa ameshashika mnyororo wa kufungia.

"Bwana, theluji inakuja. Jioni nafunga, na nikifunga ni mpaka barafu iyeyuke."

"Nitakuwa nimesharudi."

"Na usiporudi?"

"Utapata cha kusimulia."

Mlinzi akacheka, akampisha na baiskeli yake.

Akapanda peke yake. Hakukuwa na gari wala mtu, ila sauti ya cheni na tairi likisaga barafu nyembamba. Misonobari ilisimama kimya pande zote. Vidole vya miguu vilikufa ganzi mapema. Alikula tonge lake la wali bila kushuka, na wali wenyewe ulikuwa umeganda.

Kila mwanzo wa majira ya baridi alipanda hivi mpaka kwenye kona ya juu, mahali unapoiona nyumba ya kaka yake Genzo ng'ambo ya bonde. Hakuwahi kwenda mbali zaidi. Siku ya kuokota mifupa ya baba yao baada ya maiti kuchomwa, Tatsumi alikuwa milimani na baiskeli, simu kaizima. Genzo akaokota mifupa na jirani. Tatsumi alipotokea, Genzo alimwambia asikanyage tena kwake. Hakukanyaga. Aliishia kwenye kona, akitazama matunda ya kaki yaliyomenywa na kuning'inizwa barazani kwa kamba yakauke, mekundu kama pazia. Juu kabisa ya mti lilibaki tunda moja lililoachiwa ndege, kama wafanyavyo watu wa huko. Akishayaona alijua kaka yupo, akageuza baiskeli.

Leo baraza lilikuwa tupu. Mti ulikuwa umejaa, matawi yameinama, hakuna aliyeugusa.

Tatsumi alisimama mguu mmoja chini. Angeweza kugeuza. Badala yake aliachia breki, akateremka huku gurudumu la nyuma likimtelezatelezea, mpaka uani kwa kaka yake.

Mlango ulikuwa umefungwa. Akaugonga.

 Akagonga tena, kwa ngumi.

"Vunja basi," sauti ikasema kutoka ndani. "Si wa kwako."

 Akaegemea ukuta kwanza.

"Ni mimi, kaka."

"Najua. Mbona leo hukuishia kwenye kona?"

Tatsumi alikung'uta barafu kwenye glavu.

"Unadhani sikuoni?" Genzo akaendelea. "Kila mwaka unajibandika pale juu kama kunguru. Jitu zima na suruali ya kubana."

"Kaki hujachuma."

"Nyonga imeniacha. Nikisimama inakuwa kazi, sembuse kupanda ngazi."

"Dubu watakuja kuyala."

"Waje. Angalau wao wanafika mlangoni."

"Nifungulie, kaka."

Mlango haukufunguka. Kisha: "Mwanzi wa kuchumia uko nyuma ya banda. Uache vikonyo. Ya kwako siku zote yalikuwa hayana pa kufungia kamba."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mvivu."

Akautoa ule mwanzi mrefu uliopasuliwa ncha. Akawa anabana kitawi, anazungusha, kinavunjika, anashusha. Shingo ilimuuma, theluji ikaanza kumwingia machoni. Yaliyolainika aliyatupa vichakani, magumu aliyapanga kapuni, kila moja na kikonyo chake. Mara mbili alisikia kitu kikiburuzwa ndani, kikakaribia mlango, kikatulia. Hakugeuka. Aliogopa akigeuka kitarudi kilikotoka.

Alipomaliza, lilibaki moja kileleni. Akaliacha.

Akaweka kapu mlangoni. "Tayari, kaka. Nakwenda, geti linafungwa."

"Nenda basi."

"Unacho kisu cha kumenyea?"

"Mikono bado mizima."

Tatsumi alisubiri kidogo, akapanda baiskeli. Mteremko ule ule sasa ulikuwa mlima, na theluji ilikuwa imeshafunika alama za matairi aliyokuja nayo. Sehemu nyingine aliisukuma baiskeli.

Kwenye kona akasimama, akageuka. Mlango ulikuwa umefunguka upana wa kapu. Mkono mmoja ulitoka, ukalivuta kapu, ukapumzika, ukavuta tena. Tatsumi aliinua wake, akaushikilia hewani hadi glavu ikaanza kuwa nyeupe. Ule mwingine haukupunga. Kapu likaingia, mlango ukafungwa.

Akautazama mti mtupu na tunda lake moja. Kisha akakaza kofia, akaanza kukanyaga kuelekea getini kabla halijafungwa.