Barua ya Siku Thelathini na Nne

Shirika la umma lilipotupunguza kazi, wenzangu wengi walikimbilia mitumba na maandazi. Mimi nikaenda kuuza bunduki. Masharti ya biashara yalikuwa yamelegezwa, Bwana Kajetani akafungua duka hapa Songea mjini, na alitaka mtu anayeyajua makaratasi. Mimi nilikuwa karani wa masijala kwa miaka kumi na sita na, niseme ukweli, nilipenda kumwambia mtu mzima arudi kesho.

Mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nne, tulipeleka bunduki mbili kwenye maonyesho ya wakulima, zimefungwa mnyororo mezani. Nyuma ya meza nilitundika ubao wa masharti kwa mwandiko wangu. Hakuna kugusa bila ruhusa. Hakuna kuuza uwanjani. Mnunuzi aje mwenyewe, asitume ndugu. Awe na kibali cha polisi. La tano, awe na barua ya mtendaji wa kijiji chake isiyozidi siku thelathini. Manne yalitoka juu. La tano nililitunga mimi, kwa kuwa mtu mmoja aliwahi kutuletea barua ya zamani yenye mhuri wa kughushi, na sikutaka kufanywa mjinga mara ya pili.

Vijana walikuja kupiga domo wakaondoka. Aliyeusoma ubao wote ni Daimu peke yake, akifuata maneno kwa kidole. Alikuwa mkulima wa Namasakata, kule Tunduru, mwembamba, wa miaka thelathini hivi. Aliomba kipande cha karatasi anakili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka ya nguruwe?"

"Nguruwe tumewazoea. Safari hii kuna simba, ameshakula watu wawili kijiji cha jirani. Na mpunga ukianza kuzaa, mimi na mke wangu tunalala shambani, juu kwenye dungu la kulindia."

"Si umwache mkeo nyumbani?"

"Shamba lina pande mbili, mama. Nikiwa peke yangu nguruwe wanalimaliza."

Nikamwambia afuate masharti. Akasema atafuata, inshallah.

Na kweli alifuata. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata aliingia dukani na kibali kimegongwa mihuri yote, na barua ameifunga kwenye nailoni isilowe. Nikahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Zilikuwa thelathini na nne.

"Barua imezidi siku nne," nikamwambia.

"Lori lilikwama kwenye tope, mama. Siku sita tulikuwa tunasukuma."

"Masharti ndiyo hayo. Lete nyingine."

Bwana Kajetani alikuwa amekwenda Makambako kufuata mzigo. Angekuwepo angemuuzia, kisha angenicheka na ukarani wangu. Daimu hakubisha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenitukana angalau. Aliuliza tu kama kibali bado kinafaa, nikamwambia kinafaa, akarudi Tunduru kwenye mvua zile kwa ajili ya siku nne.

Mwisho wa mwezi wa nne nilimwona akivuka barabara. Nilifurahi kweli. Kabla hajafika kaunta nilikuwa nimeshaitoa bunduki kabatini na kufungua daftari la mauzo. Barua yake mpya ilikuwa ya siku tisa. Nikaandika jina, nikaandika kijiji, na kwenye sababu ya kununua nikaanza kuandika: kumlinda mke.

Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapo usiandike hivyo, mama. Sharifa hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Simba alimchukua kwenye dungu. Alikuwa peke yake, mimi nilikuwa bado njiani natoka kwako. Sasa wazee wamenituma, nichukue bunduki niwalinde wanaobaki. Andika hao. Sitaki sababu ya uongo."

Nilikaa kwenye kiti. Pole ilinitoka, lakini ilikuwa pole ya bure, na niliona siwezi kuendelea kuandika huku ananiita mama kwa heshima ile. Nilitaka kuutua mzigo wangu. Nikautua kichwani kwake.

"Daimu, sharti la barua halikutoka serikalini. Nililitunga mimi."

Aliutazama ubao ule wa maonyesho, niliokuwa nimeutundika ukutani dukani, na safari hii hakufuata kwa kidole.

"Kwa hiyo siku ile ningeweza kuondoka nayo."

"Ungeweza."

"Kibali changu kilitosha."

"Kilitosha."

Mteja mmoja aliingia kuulizia risasi, akatutazama, akatoka mwenyewe.

"Bora usingeniambia, mama," Daimu alisema. "Nilikuwa nimeshakubali kwamba ni kazi ya Mungu. Watoto nao nimewaambia hivyo, na wamekubali. Mimi sikuja hapa na chuki."

Nikataka kumwomba radhi. Akaninyooshea mkono nimpe kalamu. Akajaza sababu mwenyewe, herufi moja moja, akatia sahihi, akaibeba bunduki na kutoka bila kuniaga.

Nikaligeuza daftari nisome. Kwenye sababu alikuwa ameandika jina la mkewe, basi.