Maji Yaliyolala Bombani

Siku ile mjinga alikuwa Fundi Koki mwenyewe, na hilo analikiri bila kubanwa. Ukimkuta ametulia atakusimulia kisa chote na kukiongezea chumvi, maana mtu aliyepigwa sana na dunia hujifunza kujicheka kabla wenzake hawajaanza.

Alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na mmoja. Vidole vyake viwili vilikuwa havikunjiki tena, mgongo ulishagoma kupanda darini, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Nyumbani alikaa na mkewe, pamoja na binti yao aliyekuwa na mtoto wa kike wa miezi saba. Maziwa ya mama hayakumtosha yule mtoto, kwa hiyo alikuzwa zaidi na ya kopo. Fundi Koki alimwita mjukuu wake "mchumba wangu", na kila jioni alimshauri mkewe aanze kufungasha taratibu, kwani nafasi imeshapata mtu.

Basi alasiri moja akabisha hodi mwanamke wa maabara ya idara ya maji, amebeba kisanduku cha chupa. Alikuwa anapima maji ya mtaa ule nyumba kwa nyumba. Fundi Koki akampa kiti, na hata hajakaa vizuri akawa ameshambandika jina.

"Karibu, Dada Chupa. Umekuja kunifundisha maji mimi?"

"Nimekuja kukuomba maji, mzee wangu. Chupa moja tu."

Akamweleza pole pole. Wakishalala, bomba la jikoni lisiguswe. Asubuhi, kabla mtu hajafungua maji popote ndani ya nyumba, chupa itangulie chini ya bomba, ijae, ifungwe. Fundi Koki akaitikia "sawa, sawa, sawa", kama mtu ambaye masikio yake yametoka kidogo na yatarudi baadaye.

Kulipokucha akawahi jikoni. Sasa, katika kazi yake, fundi akitaka kumwonyesha mwenye nyumba kwamba kazi imekubali, hufungua maji na kuyaacha yakimbie mpaka takataka zote ziishe, ndipo anakinga glasi na kuinyanyua kwenye mwanga. Hiyo ndiyo heshima ya ufundi. Na bomba hili la jikoni alilivuta mwenyewe kutoka uani, mwezi mmoja kabla mjukuu hajazaliwa, ili binti yake asije akahangaika na ndoo na tumbo lile. Angewezaje kuliaibisha mbele ya maabara? Akayaachia maji, akapiga mswaki, akanyoa ndevu, akaisuuza chupa mara tatu, kisha akakinga maji yanayong'aa kama kioo.

Baada ya wiki Dada Chupa akarudi na karatasi. Maji safi, hakuna tatizo.

"Niliwaambia," alisema Fundi Koki, akimgeukia mkewe na binti yake kama mtu aliyeshinda kesi. "Huu ni mkono wa fundi, si mkono wa kubahatisha. Na wewe Dada Chupa, chupa yako ilikuwa na vumbi. Nimekusuuzia mara tatu, nikayaacha maji yakimbie mpaka nikamaliza kunyoa. Ndivyo maji yanavyokingwa. Kawaambie wenzako."

Dada Chupa alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akakiachia.

"Uliyaacha yakimbie?"

"Mpaka kidevu chote."

Hakumcheka, wala hakumkaripia. Alirudi akakaa, akatoa chupa nyingine mbili kisandukuni. "Mzee wangu, mimi nilitaka yale uliyoyamwaga. Maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha ndiyo yanayotuambia bomba lenyewe limetengenezwa na nini. Yakikimbia, ushahidi wote unaenda nayo."

Binti alikuwa amembeba mtoto begani. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi chupa ya alfajiri ya mtoto naitengeneza kwa maji gani, basi?"

Wote wa nyumba ile walijua. Mtoto akilia kabla ya jua, mama yake hukinga yale ya kwanza kabisa, macho hayajafunguka vizuri.

"Lakini nachemsha," aliongeza. "Siku nyingine nachemsha mara mbili."

"Unafanya vizuri, mdogo wangu. Kuchemsha kunaua vijidudu," alisema Dada Chupa. "Lakini kama kuna madini ya risasi, sumu yake haina uhai wa kuuliwa. Mvuke unaondoka, risasi inabaki kwenye sufuria, katika maji machache zaidi. Na hata ukionja, hutaijua. Haina rangi, haina harufu."

Fundi Koki alizipokea zile chupa mpya, na safari hii hakuzisuuza.

Asubuhi iliyofuata chupa ilikingwa na binti, baba yake akiwa amefungiwa nje ya jikoni kwa amri ya mkewe. "Wewe kaa hukohuko na ndevu zako," aliambiwa. Chupa ya pili ikajazwa kwenye bomba la uani. Majibu yalipokuja, Dada Chupa aliyaleta mwenyewe, hakusubiri zamu ya mtaa. Maji ya uani yalikuwa salama. Ya jikoni yalikuwa na risasi mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa.

Dada Chupa akapiga magoti chini ya sinki na tochi. Bomba la shaba lilikuwa limelehemiwa vizuri, viungio vinne, kila kimoja na pete yake ya kijivu. Akakwaruza pete moja kwa ncha ya kisu. Ilikuwa laini, ikang'aa.

"Nani alilehemu hapa?"

Mke wa Fundi Koki aliangalia dari. Binti akamwangalia mtoto.

"Mimi," alisema Fundi Koki. Akaenda kwenye sanduku lake, akaleta waya wa kulehemu alioachiwa na mwalimu wake wa kazi, wa zamani, uliochanganywa na risasi, ambao huyeyuka upesi na kukaa kwa utii. Ulikuwa mviringo mkubwa; sasa kilibaki kipande cha urefu wa kidole. Wa siku hizi wa madukani aliudharau kwamba ni mkaidi. Kwa mjukuu wake alikuwa amechagua ule bora.

Hospitali walichukua damu ya mtoto. Kwa siku mbili za kusubiri Fundi Koki hakumtania mtu. Alikata bomba lote, akaweka la plastiki ngumu la maji ya kunywa, na hiyo kazi aliifanya bila kuimba. Daktari alisema risasi imeonekana katika damu, ila kidogo, wamewahi, chanzo kikishaondoka mwili utajisaidia, warudi baada ya miezi mitatu. Walirudi. Ilikuwa imeshuka mpaka daktari akatabasamu kabla hajaongea. Mtoto wakati huo alikuwa anasimama kwa kushika meza na kumvuta babu yake ndevu alizoacha kunyoa kwa wasiwasi.

Siku Dada Chupa alipokuja kukinga maji ya mwisho na kukuta yako salama, familia nzima ilimsubiri sebuleni. Binti alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Fundi Koki akatoa koki mpya inayong'aa, ameifunga kwa gazeti.

"Hii ni yako. Imeandikwa kabisa haina risasi. Nitakuja kukufungia mwenyewe, na utakinga maji ya kwanza ukitaka."

"Asante sana, lakini sisi hatupokei zawadi."

"Si zawadi. Ni shukrani."

"Hata hiyo hatupokei, mzee wangu."

"Ungeondoka siku ile na karatasi yako, nani angekulaumu? Ulirudi ukakaa, baada ya maneno yangu yote. Mwambie, mama."

"Chukua, mwanangu," alisema mkewe. "Usipoichukua hatutalala humu."

"Mtu akikuokolea mtoto," alisema Fundi Koki, "halafu akakataa hata koki, hayo ni matusi. Niambie basi unataka nini, na mimi nikufanyie. Chochote. Sitoki hapa."

Dada Chupa alifunga kisanduku chake, akakiweka begani.

"Ule waya ulikuwa mviringo mzima," alisema. "Hapa jikoni umetumia shubiri moja. Nipeleke kwenye nyumba zote ulikoutumia mwingine."