Kifuniko cha Tangi

Lori langu lilianza kuzima njiani wiki ya tatu baada ya kumzika mke wangu. Asubuhi najaza petroli, napakia matofali, linatoka vizuri. Likimaliza kilomita kumi na tano linakohoa, linakosa mafuta, linasimama. Nikikaa nusu saa linawaka tena kama vile halina kosa lolote.

Nilifungua chujio, safi. Nikabadilisha pampu ya mafuta. Kabureta niliifumua mara mbili juu ya meza ya chakula, maana hakuna tena wa kunifokea, nikapuliza kila kitundu mpaka mashavu yakauma. Kazi bure.

Mwanangu akapiga simu. "Baba, hilo lori limezeeka. Jumamosi nakuletea mnunuzi."

"Na mimi nimezeeka. Mnunuzi wangu utamleta lini?"

Akacheka. Mimi sikuwa natania. Lori likiondoka, nitabaki naongea na kuta.

Ijumaa likazima tena, saa saba mchana, katikati ya jua kali. Hasira zikanipanda, nikapiga kelele: "Shuka basi, upime mafuta!"

Kiti cha pili kilikuwa na mfuko wa spana tu. Nikaegemea usukani, nikalia kama mtoto.

Geji ya mafuta ilikufa miaka ishirini iliyopita. Tangu hapo mke wangu, ambaye ndiye alikuwa utingo wangu, kila kilomita kumi hivi alinisimamisha, akashuka, akafungua tangi na kuchovya kijiti. Nilizoea kumtania kwamba anaogopa petroli itatoroka.

Kijiti chake kilikuwa bado chini ya kiti. Nikakichukua, nikashuka. Nilipozungusha kifuniko, tangi likavuta hewa kwa nguvu: fyuuu!

Kumbe kitundu cha hewa cha kifuniko kilikuwa kimeziba kwa vumbi na grisi, Mungu ndiye ajuaye tangu lini. Hewa isipoingia, petroli haitoki. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akilipatia lori pumzi bila kujua, na mimi ninayejiita fundi sikujua pia. Kweli kinyozi hajinyoi.

Nikakizibua kwa pini aliyokuwa ameichomeka kwenye pazia la kebini. Jumamosi mnunuzi aliondoka mikono mitupu.

Jumatatu nilipeleka matofali kilomita sitini. Lori halikuzima hata mara moja, wala sikuwa na sababu ya kusimama. Sijawahi kuona safari ndefu kama ile.