Anwani Isiyo Yako

Jumatatu saa nne asubuhi, mwandishi wa programu aliongeza mistari mitano kwenye programu ya maktaba, na foleni ya waazima vitabu ikaanza kusogea. Tangu Ijumaa programu hiyo ilikuwa ikifa kila baada ya dakika chache, kwa sababu ilinyoosha mkono kwenye sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo haikupewa. Mfumo endeshi, msimamizi wa kompyuta nzima, hauna ugomvi na yeyote. Programu ikigusa kisicho chake, huipelekea ishara, na isiyojiandaa kuipokea hufa papo hapo. Hii sasa iliipokea ishara, ikaiweka kando, ikaendelea na kazi. Mkuu wake akampongeza. Mwenyewe alijua amefunika kombe tu, mwanaharamu apite.

Jumamosi dada yake mkubwa alikuja kula mchana. Baada ya chakula, binti wa mwandishi wa programu akaomba tena ile hadithi ya babu, jinsi baba alivyomuuguza. Baba akaianza kama kawaida: miezi saba, na namna alivyomgeuza mzee kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda.

Mlango ukagongwa. Akaingia mtu wa makamo mwenye koti la kijivu, akasalimia, akamkabidhi msimuliaji karatasi, kama ile ishara ya kompyuta. Mke akamvutia kiti, maana mjumbe hauawi. Karatasi ilitaja siku, chumba na kitanda, kisha sababu: *Mahali hapo papo, ila si pako.*

Kweli hapakuwa pake. Aliyemgeuza mzee ni dada. Yeye alikuwa akipiga simu, baadaye akawa hapigi. Siku ya mazishi jirani mmoja alimsifu kwa makosa, akaona haya kumsahihisha, na tangu hapo amekuwa akiipamba sifa hiyo mwaka hadi mwaka. Dada huisikiliza akimenya chungwa.

Masikio yalimwaka kwa aibu. Lakini mtoto alikuwa akimtazama. Akaikunja karatasi, akaisukuma chini ya sahani, akaendelea kusimulia. Kila sentensi ikaletewa karatasi yake, hata sahani ikaanza kuyumba.

“Asubuhi ile nilikuwa nimemshika mkono,” akasema. “Akanitazama, akasema, ‘Sasa napumzika.’ Akaenda.”

Safari hii mjumbe aliandika taratibu zaidi. *Mahali hapo hapapo. Si pako, si pa mtu yeyote.*

Dada aliisoma karatasi hiyo kutoka upande wake wa meza, akaweka kisu chini. Asubuhi ile alikuwa ametoka kwenda kufua shuka, na aliporudi mzee alikuwa ameshapoa. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu, kwa aibu ya kumwacha afe peke yake.

Mwandishi wa programu aliona chungwa la dada limeachwa nusu. Akaona afadhali aumbuke mbele ya mwanawe kuliko kuendelea.

“Dada,” akasema, “ukweli ni kwamba mimi...”

“Ukweli naujua,” dada akamkatiza. “Rudia hapo mwisho. Alisema nini?”

Mke akammiminia mgeni chai. Mwandishi wa programu akarudia, polepole, neno kwa neno, na dada akasikiliza akiwa amefumba macho, huku mjumbe akiandika.