Darlene Arudisha Kodi

Milango ya Seneti ya jimbo ilikuwa imefungwa, na hakuna wa kutoka mpaka kila mmoja apige kura. Ndivyo ilivyo Topeka, mji mkuu wa jimbo: wito wa kura ukishatolewa, hata chooni unasindikizwa na mlinzi. Jina la Seneta Darlene Unruh lilipoitwa mara ya kwanza alisema, "Napita," kama wafanyavyo wanaotaka kusoma upepo kwanza. Sasa wenzake wote walikwishapiga. Ilipungua kura moja tu kurudisha kodi ya wenye biashara, na aliyebaki ni yeye.

Miaka mitano nyuma, Darlene huyuhuyu ndiye aliyepiga debe ifutwe. Wafanyabiashara wakipumua, alihubiri, wataajiri, na hazina itajijaza yenyewe. Wapi! Hazina ilikauka. Shule ya mji wao ilishapunguzwa hadi siku nne kwa wiki, na bila fedha mpya ingefungwa Agosti. Lakini Merle, kaka yake mwenye malori ya nafaka, aliyemlea baada ya baba yao kufa, alikuwa amempigia simu: "Ukirudisha kodi ile, sikukuu ya Shukrani usije kula kwangu."

"Ndiyo," Darlene alisema. Kodi ikarudi.

Jumamosi asubuhi alijikaza akaenda kwenye ghala la ushirika, ambako wakulima hunywa kahawa na kurusha dadu kuamua nani alipe.

"Mheshimiwa huyo. Shikeni pochi zenu," mzee Loewen akasema, wakacheka. Merle hakucheka. Alikaa meza ya pembeni, kofia imemfunika macho.

"Ile mara ya kwanza nilikosea," Darlene alisema, akiwatazama wote lakini akimwambia mmoja. "Kura ya Jumatano siiombei radhi."

Merle akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa, dada."

Akakaa.

"Uliniondolea kodi ili niajiri watu. Unajua nimeajiri wangapi?"

"Wangapi?"

"Sikuajiri hata mmoja. Nilinunua boti."

"Boti? Ziwa liko wapi huku?"

"Nami najiuliza mpaka leo."

Loewen alipaliwa na kahawa. Darlene alicheka mpaka akafuta machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Wajukuu wangu wanasoma kwenye shule ile," Merle akasema polepole. "Sikukuu ya Shukrani njoo, na ulete ile pai yako ya maboga. Ila uchaguzi ujao kura yangu hupati."

Darlene alishusha pumzi, ya kwanza tangu Jumatano. Kura angeitafuta kwingine.