Mbuzi Aliyetangaziwa Kifo

Kosa la Vaileth halikuwa kumficha mbuzi. Watu wa Bunju wamekwisha kuficha makubwa zaidi. Kosa lake lilikuwa kumtangazia kifo.

Shirika moja la akina mama lilimpa Vaileth mbuzi jike wa maziwa, kwa sharti linalojulikana na kikundi kizima: mtoto jike wa kwanza anakabidhiwa mama anayefuata, mkono kwa mkono, naye wa kwake kwa mwingine, hivyo hivyo mpaka kila ua unuke mbuzi. Aliyefuata alikuwa Bi Zubeida, mjane wa jirani. Tangu asikie mbuzi ana mimba, alikaa barazani akisokota kamba ya makumbi ya kumfungia wake.

Akazaliwa mtoto jike, mweupe, masikio meusi kama kayachovya kwenye wino. Vaileth alimtazama mara moja akajua hampi mtu. Mbuzi wawili wangemtoa kwenye kufua nguo za watu. Mmoja angemwacha palepale, mikono ndani ya beseni. Akamfungia chumbani, akafukia gogo la mgomba nyuma ya choo, akalifanyia tuta zuri, kisha akaenda kikundini na uso wa msiba akasema mtoto kafa kwa tumbo.

Wenzake walikuja kumpa pole. Bi Zubeida aliiweka kamba yake juu ya tuta, akaipapasa kidogo, akaondoka.

Jioni ile mbuzi chumbani alinyamaza. Hakulia tena wala hakunyonya, na hakukonda. Alipita uani, mchangani hakuacha alama ya kwato. Mama yake alimpita bila kumnusa, akaenda kusimama kwenye tuta na kulialia pale. Vaileth alipomgusa alikuwa wa baridi kama sakafu ya saruji, ila macho yake yalimfuata kila aendako. Hata chooni alimkuta ametangulia.

Akaona bora amuuze. Akamwita Marijani, mchuuzi wa mifugo kutoka Kiwalani, akamtoa mbuzi mpaka mlangoni.

"Haya, mlete basi," Marijani akasema.

"Si huyo hapo mguuni pako?"

Marijani akatazama chini, kisha akamtazama Vaileth. "Dada," akasema kwa upole, "umekula leo?" Akawasha pikipiki yake akaenda zake, wala hakugeuka nyuma.

Hapo ndipo Vaileth alipokwenda kwenye tuta, akaiokota ile kamba, akamfunga mbuzi. Njia nzima watu walimwona mama mzima akivuta kamba iliyokaza hewani. Vijana wa kijiweni wakamuuliza kama huyo mbwa kashachanjwa.

Bi Zubeida alikuwa barazani kwake.

"Shikamoo, Bi Zubeida."

"Marahaba. Unavuta nini, mwanangu?"

"Mbuzi wako."

"Wangu alikufa. Uliniambia mwenyewe."

"Hakufa. Nilisema tu kafa, nibaki naye mie."

Bi Zubeida aliitazama ile kamba muda mrefu. Kisha akainuka, akaipokea kwa mikono miwili.

"Kumbe mzito," akasema, na papo hapo mbuzi akalia kwa sauti iliyotimua kuku wa mtaa mzima. Watoto wakaja mbio kumshika masikio.

Vaileth aliwaona watoto. Ila hakumwona tena mbuzi. Alichokiona ni kamba, ikizunguka nyumba na kupotelea uani.

Mbuzi yule sasa amekua na kuzaa, na mtoto wake amekwisha kwenda kwa mwingine. Wote wanamwona. Vaileth humpisha njiani kwa kukisia, na safari moja alipigwa pembe akaingia mtaroni. Yule jike wake mkubwa alipozaa tena, Vaileth aliita kikundi kizima, akawauliza mmoja mmoja: "Unamwona?"

Bi Zubeida si mtu wa kinyongo. Juzi alimpelekea Vaileth kikombe cha maziwa ya mbuzi yule. Vaileth akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, chenye joto; lakini ndani aliona kitako cha kikombe, kikavu, na ua lake jekundu lililochorwa pale. Akakipeleka mdomoni, akanywa.